Asiye na Maiti Hana Kiti

Ilikuwepo nchi iitwayo Kandokando. Anayebisha akatazame ramani, na asipoiona asishangae, maana wachora ramani kila walipofika pale wino ulikuwa umewaishia. Ilikuwa nchi ndogo yenye mto mmoja, mlima mmoja wa kuazima, na serikali kubwa. Kiongozi wake aliitwa Rais wa Milele wa Muda. Aliingia madarakani kwa muda tu, mpaka apatikane mwingine, na aliyepewa kazi ya kumtafuta huyo mwingine alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka wa thelathini na moja alikuwa bado anatafuta, maskini, bila kupumzika.

Mto wao uliitwa Kiherehere. Ng'ambo ya mto ilikuwepo nchi nyingine, nayo ikaitwa hivyo hivyo, Ng'ambo. Watu wa nchi hizi mbili walikuwa watani, na si watani wa kuchekeana meno tu. Walikuwa watani wa mababu, wale ambao mmoja akipita uani kwako anaondoka na jogoo bila kupiga hodi, na ukinuna, mwenye aibu ni wewe. Na kubwa kuliko yote ni hili: akifa mtu Kandokando, hazikwi mpaka mtani wake wa Ng'ambo aje. Mtani huyo atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akila, atalitukana jeneza, kisha ataingia kaburini ajilaze humo na kukataa kutoka mpaka aridhike. Akisema, "Haya, mzikeni," basi mtu ndiyo amekufa. Asiposema, huyo amelala tu.

Karibu na kivuko aliishi Sikudhani binti Kombo, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne alilisoma mara mbili kwa kulipenda. Mwanawe alikuwa mmoja, Pazi, fundi wa baiskeli, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye ugonjwa mmoja: kucheka. Akianza kucheka hawezi kusema, hawezi kusimama, na ukimwekea ugali mbele yake unapoa. Na mtani wa nyumba yao alikuwa Mzee Lugendo wa Ng'ambo, ambaye mdomo wake ungeweza kumchekesha hata mtu anayeng'olewa jino.

Basi huko mbali, kwa Wakubwa, ikazuka vita. Chanzo kilikuwa kizito sana. Mfalme mmoja alimkanyagia mfalme mwenzake mkia wa joho, kwenye harusi ya binamu yao wote wawili. Aliyekanyagiwa akawaita rafiki zake. Aliyekanyaga akawaita wake. Rafiki nao walikuwa na rafiki, na mikataba yao ilikuwa imefungwa mkia kwa mkia kama ng'ombe wa mnadani, ukimvuta mmoja wanakuja wote. Kabla juma halijaisha dunia nzima ilikuwa mapande mawili. Upande mmoja ukajiita Wenye Haki. Upande wa pili ukafikiri kidogo, ukajiita Wenye Haki Zaidi.

Zikaja barua kwa nchi ndogo zote: Mko upande gani?

Baraza la Kandokando likakaa siku tatu. Siku ya kwanza walijadili nani akae wapi, siku ya pili wakala, siku ya tatu akasimama Waziri wa Vita, Amani na Mazishi, Mheshimiwa Machozi Kifutu, mtu mwenye kifua kipana na miwani ambayo haikuwahi kutazama karatasi.

"Mtukufu Rais," alisema, "upande mzuri ni ule ambao jirani yetu hayupo."

"Kwa nini?"

"Tukiwa upande mmoja na jirani, adui atakuwa mbali, Mtukufu. Adui wa mbali ni nauli."

Baraza likapiga makofi mpaka likala tena. Ng'ambo walikuwa wameshajibu kwamba wako na Wenye Haki Zaidi, kwa hiyo Kandokando wakaandika kwamba wako na Wenye Haki, tangu moyoni, tangu enzi na enzi, tangu jana.

Sikudhani alikuwa anakanda udongo wake gari la kipaza sauti lilipopita. "Tangazo! Tangazo! Kuanzia saa nne hii Ng'ambo ni adui wa taifa. Kumtania adui ni uhaini. Aliyeazima sufuria Ng'ambo airudishe kwa hasira."

Nyuma ya gari la tangazo lilikuwa gari jingine, nalo lilikuwa linachukua wanaume. Pazi akapanda, mfukoni ana bisibisi.

"Mama, mimi vita sijui."

"Nani anaijua, mwanangu? Wewe shika neno moja. Wakiita jina lako, itika. Serikalini mtu asiyeitika ni kama hakuzaliwa."

Gari likaondoka. Sikudhani akarudi kwenye kigoda chake ili amalizie chungu, akakaa, akainuka. Akakaa tena, akainuka tena, kana kwamba kigoda kimetoka motoni. Toka siku ile kukaa kukamshinda. Akawa anafinyanga wima, huku anatembea, anachungulia barabara, na vyungu vyake vikatoka vimeegemea upande. Watu wakaviita vyungu vya vita.

Wenye Haki walituma jenerali wao aje kuwafundisha Wanakandokando kupigana. Alikuwa mtu mwenye masharubu ya kutosha kufagilia chumba, na Kiswahili chake alikipata kwenye kijitabu kidogo alichokisoma melini. Akawapanga askari ukingoni mwa mto. Upande wa pili akawepo jenerali wa Wenye Haki Zaidi, naye kijitabu chake kilikuwa kile kile. Asubuhi ya vita majenerali wote wawili wakanyanyua fimbo zao, wakatamka neno lile moja walilokuwa wamelikariri.

"Pigeni!"

Askari wakatazamana. Sasa mzaliwa yeyote wa kule anajua kwamba neno hilo peke yake ni kama mlango usio na nyumba.

"Tupige nini, Bwana Mkubwa?" akauliza sajini, kwa heshima kabisa.

"Pigeni tu! Pigeni!"

Amri ni amri. Basi wakapiga. Mmoja akapiga mswaki. Wawili wakapiga deki handaki lao. Mwingine alikuwa na pasi ya mkaa, akapiga pasi kaptula za kikosi kizima. Wengine wakapiga miayo, wengine wakapiga mluzi, na waliobaki wakapiga soga. Ng'ambo vilevile. Kufikia adhuhuri jenerali akaandika kwenye ripoti yake: "Wanapiga kwa bidii isiyo na mfano." Huko kwa Wakubwa mizinga ilikuwa inafuta miji, watu wanaanguka kama majani ya mkorosho, na jioni Wakubwa wakisoma ripoti ya Kiherehere walikuwa wanatikisa vichwa na kusema, laiti wote wangekuwa kama hawa.

Ikaenda hivyo miaka minne. Na kwa kuwa mto ni mwembamba na mtu hawezi kupiga soga na mwenzake yule yule miaka minne, soga zikavuka maji. Mzee Lugendo, aliyekuwa mpishi wa kikosi cha Ng'ambo, akawa ndiye silaha nzito ya upande wao. Siku ya mwisho ya vita, karani wa Kandokando alikuwa amesimama na daftari lake anaita majina, Lugendo akapaza sauti kutoka ng'ambo:

"Enyi Kandokando! Rais wenu bado anamtafuta wa kumrithi?"

"Bado!"

"Mwambieni achungulie chini ya kiti. Ndipo alipomkalia!"

Pazi akacheka. Akacheka mpaka akaanguka, na alipoanguka akajing'ata ulimi, ulimi ukavimba kama ndizi mzuzu. Karani akaita, "Pazi mwana wa Sikudhani!" Kimya. Akaita mara ya pili. Pazi akanyanyua mkono, lakini karani hakuwa mtu wa mikono, alikuwa mtu wa sauti. Akaandika: *Hakuitika. Amekufa.* Akafunga daftari, vita ikaisha.

Amani nayo ikaja na matata yake. Wakubwa waliitisha Mkutano Mkuu wa Kugawana Lawama, na wakatangaza kwamba mezani pale kila nchi iliyopoteza watu itapewa kiti. Nchi ambayo haikupoteza hata mmoja itasimama nje na kusikilizia dirishani. Wenyewe waliandika kwa maneno marefu, lakini barabarani Kandokando tangazo likapita kwa ufupi: asiye na maiti hana kiti.

Mheshimiwa Kifutu akaagiza aletewe idadi ya mashujaa waliolala. Naibu wake, Bwana Subiri, mtu mwembamba aliyembebea mwavuli miaka tisa bila kulalamika, akapekua madaftari yote. Wakapata mbuzi mmoja aliyekufa kwa kula ramani ya vita. Na wakapata Pazi.

Magari ya serikali yalifika kwa Sikudhani mchana kweupe, yakiwa na ving'ora. Waziri akashuka, akafungua mikono.

"Mama Shujaa!"

"Shujaa yupi tena, Mheshimiwa?"

"Mwanao, marehemu Pazi! Amelala ili taifa lipate kukaa!"

Pazi alikuwa amechuchumaa pale pale mlangoni, anaziba pancha. Alikuwa amerudi juzi yake kwa miguu. Akamwinamia Waziri kwa adabu, akasema, "Mmh," maana ulimi ulikuwa bado haujanywea.

Waziri akamtazama. Akamgeukia Naibu. "Huyu nani?"

Bwana Subiri akaangalia karatasi, akamwangalia Pazi, akaangalia karatasi tena. "Huyu ndiye marehemu, Mheshimiwa."

"Mbona anaziba pancha?"

"Hilo halikuandikwa hapa, Mheshimiwa."

Sikudhani akacheka kidogo, cheko la kupooza mambo. "Karani amekosea tu, baba yangu. Futeni, yaishe."

"Karatasi ya serikali haikosei, mama," Waziri akasema, tena kwa upole. "Aliyekosea ni mwanao. Ijumaa anakuja Mjumbe wa Wakubwa kushuhudia mazishi. Atakagua fomu, atapiga saluti, atatupa kiti. Kwa hiyo mpaka Ijumaa bwana huyu awe marehemu, kwa hiari yake au kwa heshima zote."

"Na akishazikwa, baadaye akaonekana anatembea?"

"Aliyezikwa akirudi, mama, hurudishwa."

Wakawaacha askari wawili mlangoni, wamlinde marehemu asitoroke. Wenyewe wakaenda kupima kaburi.

Sikudhani alizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Aliingia, akatoka, akapanga mitungi, akaipangua. Pazi akimfuata kwa macho, hana la kusema wala la kusemea. Mwisho mama akauchukua mtungi mkubwa kuliko yote, ule wa mdomo mpana, akamvika mwanawe kichwani mpaka mabegani, akambebesha na mingine miwili, mmoja kila mkono.

"Askari!" akaita. "Nipisheni, mimi na mchukuzi wangu tunawahi gulio la ng'ambo."

Askari wakapisha. Wao waliagizwa kumzuia marehemu, na huyu alikuwa mitungi mitatu yenye miguu. Mmoja akamsaidia hata kuruka mtaro.

Ng'ambo wakamkuta Mzee Lugendo anamenya muhogo.

"Lo! Wewe kichwa cha jongoo, hujafa bado?"

"Nife nani anizike? Nyinyi wezi wa sanda?"

"Na huyo mtungi uliyemfundisha kutembea, bei gani?"

Sikudhani akamvua Pazi mtungi, akamsimulia Lugendo mambo yote, tokea ulimi mpaka kiti. Aliposikia kwamba ni mzaha wake uliomwua Pazi daftarini, Lugendo akaacha kumenya. Akanyamaza, jambo ambalo majirani zake walilikumbuka kwa muda mrefu.

"Mtani," akasema, "mimi nisiposema mzikeni, hazikwi. Nitaingia kaburini nilale humo mwaka mzima."

"Watakufukia na wewe. Hawa wana haraka ya kukaa."

"Sasa wataka nifanyeje?"

"Ingia kama desturi. Ila useme hutoki mpaka usomewe fomu ya kifo, mstari kwa mstari, mbele ya huyo Mjumbe."

"Kwani kwenye fomu mna nini?"

"Bado hamna kitu," akasema Sikudhani, tayari ameshainuka. "Ndiko ninakokwenda."

Akamwacha Pazi kwa mtani wake. Hakuna serikali ambayo ingefikiri kumtafuta mtu kwa adui wa jana.

Alhamisi Waziri aliporudi na kuambiwa marehemu haonekani, akampigia kelele sajini, sajini akawapigia askari, askari wakampigia paka. "Marehemu ametoroka! Mmewahi kusikia nchi gani marehemu akatoroka?"

Bwana Subiri akakohoa. "Kwa wazee wetu, Mheshimiwa, mtu akipotelea mbali huzikwa mgomba kwa jina lake. Tutafute mgomba wa kimo chake."

"Mjumbe hatajua?"

"Mjumbe atapigia saluti sanduku, Mheshimiwa. Kwao pia ndivyo wanavyofanya."

Wakakata mgomba, wakauvisha sare na buti, wakaulaza jenezani. Ikabaki fomu. Wakubwa walitaka iwe na mkono wa mfiwa, si muhuri tu. Bwana Subiri akatumwa nje kuhakikisha bendera haipepei kichwa chini, Waziri mwenyewe akaitandika fomu juu ya kinu cha Sikudhani.

"Weka mkono hapa, Mama Shujaa. Unajua kuandika?"

Sikudhani akaishika fomu juu chini, akaipeleka mbali, akaileta karibu. "Mimi mkono wangu ni wa udongo, baba. Lakini nikionyeshwa na mwenye mkono mzuri, naweza kufuatisha. Nasikia mwandiko wako, Mheshimiwa, ni wa kutundikwa ukutani."

"Wanasema, wanasema," Waziri akasema, akatoa kalamu.

Toka alipopata uwaziri hakuwahi kuletewa karatasi ambayo mstari wa kwanza haukuwa wake. Hakusoma. Aliinama akaandika pale juu, kwa mikunjo na mikia, jina lake lote na vyeo vyote mpaka nafasi ikamwishia, chini yake akatia sahihi yenye maua mawili. "Umeona? Haya, na wewe fuatisha, mstari wa pili."

Sikudhani akaandika wake polepole, ametoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mstari wa tatu akaandika neno moja la herufi nne. Waziri akaikunja fomu, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa lakiri, akaondoka anapepea vidole ili wino ukauke.

Ijumaa uwanja ulijaa. Rais wa Milele wa Muda alikaa kwenye kiti kirefu, na watu wakamchungulia chini ya kiti, wakabana vicheko. Mjumbe wa Wakubwa alikaa pembeni yake, ana kofia yenye manyoya ya ndege ambaye huenda alikuwa anayahitaji zaidi. Sikudhani hakukaa. Alisimama ukingoni mwa kaburi, vidole vinasokota pindo la kanga.

Mheshimiwa Kifutu akahutubia. "Ndugu wananchi! Taifa ni nini? Taifa ni watu. Watu ni nini? Watu ni miili. Na mwili ambao haujafia nchi yake unafanya nini? Unakula tu! Pazi ametuonyesha njia. Natamani, nasema natamani kwa machozi, ningelikuwa mimi humo sandukuni!"

Makofi. Jeneza likasogezwa. Hapo ndipo akatokea Mzee Lugendo, amevaa gunia, sufuria kichwani, akapita katikati ya gwaride akimtukana mpiga tarumbeta, mashavu yake na ya mama yake. Mjumbe akashtuka. Akaelezwa kwamba ndiyo heshima ya mwisho, bila huyu hakuna mazishi, na bila mazishi hakuna kifo. Akaandika.

Lugendo akalizunguka jeneza, akainama, akanusa. Kwenye ufa wa kifuniko palikuwa pamechungulia kijani kidogo kama ulimi.

"Jamani, marehemu wenu anaota!"

Watu wa mbele walioona kijani wakaangua kicheko. Wa nyuma, ambao hawakuona, wakaulizana marehemu anaota ndoto gani. Bwana Subiri akakisukuma kile kijani ndani kwa ncha ya mwavuli. Lugendo akarukia kaburini, akajilaza chali, akapakata mikono.

"Toka, mzee," akasema Waziri kwa kunong'ona.

"Sitoki. Huku ni kuzuri kuliko kwenu. Hakuna hotuba."

"Unataka nini?"

"Nataka nijue namzika nani. Nisomewe karatasi yake. Mstari kwa mstari, na yule mwenye manyoya asikie."

"Mzee ana haki," akasema Mjumbe, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kukagua fomu na alikuwa anaona njaa.

Waziri akapunga mkono. Yeye kusoma hasomi, hiyo ilikuwa kazi ya Naibu. Bwana Subiri akamkabidhi askari mwavuli, akavunja lakiri, akakunjua fomu.

"Fomu ya Kifo cha Kishujaa. Mstari wa kwanza. Jina la marehemu." Macho yakarudi mwanzo wa mstari, yakaenda tena mpaka mwisho. Sikudhani akamkazia macho. Mtu huyu akisoma kile anachopaswa kusoma, mwanawe amekwisha. Akisoma kilichoandikwa, ni rehema ya Mungu.

Bwana Subiri alifikiria miaka tisa ya mwavuli. Jua la miaka tisa. Kisha akapaza sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

"Mheshimiwa Daktari wa Heshima Machozi Kifutu! Waziri wa Vita, Amani na Mazishi! Mlinzi wa Mto! Baba wa Ushindi! Na sahihi yake mwenyewe ipo, ina maua."

Bendera yenyewe ikatulia.

"Mstari wa pili, mfiwa: Sikudhani binti Kombo. Mstari wa tatu, uhusiano na marehemu: mama."

"Sikudhani!" Lugendo akapiga kelele kutoka kaburini. "Kumbe ulimzaa huyu? Ulikuwa unakula nini?"

Waziri akaruka. "Ni makosa! Mimi ni hai! Tazameni, mimi ni hai!"

"Karatasi ya serikali haikosei, Marehemu," akasema Bwana Subiri, akauchukua mwavuli wake, akaufungua juu ya kichwa chake mwenyewe.

Mjumbe akasimama, manyoya yanatikisika. "Waziri mzima!" akasema. "Askari ni kiti cha kawaida. Waziri ni kiti chenye mgongo!"

Rais wa Milele wa Muda alipolisikia neno mgongo akafumba macho kwa uchungu mkubwa, akayafumbua. "Tumepotewa," akasema. Na kama Rais amesema tumepotewa, nani abaki akidai yupo? Lugendo akatoka kaburini, akafanya la desturi: akavimbisha kifua, akavaa miwani isiyokuwepo, akatembea kama Kifutu, akatia sahihi hewani, huku Kifutu mwenyewe amesimama hatua mbili anajitazama. Watu walilia kwa kucheka, na gazeti la serikali kesho yake likaandika kwamba walilia.

"Haya," akasema Lugendo, "mzikeni."

Wakauzika mgomba.

Kuhusu Pazi, Waziri mpya wa Vita, Amani na Mazishi, Mheshimiwa Subiri, alilimaliza jambo hilo kwa mstari mmoja: nafasi ya marehemu ilikuwa moja, na imeshajazwa. Karani akaita upya. Pazi, ulimi umepona, akaitika mpaka kunguru wakaruka.

Kandokando wakapata kiti chao. Kilikuwa na mgongo kweli, ila miguu ilikuwa mitatu, na kiliwekwa nyuma ya mlango, kwa hiyo kila Mkubwa aliyeingia alimgonga mjumbe wa Kandokando kisogoni. Wakubwa walipomaliza kugawana lawama, Kandokando wakapewa fungu lao nono. Pale kaburini mgomba ukachipua, ukazaa mkungu, na pakawekwa kibao kwamba ndizi za Shujaa haziliwi isipokuwa na Rais.

Kifutu hakuwa na mshahara tena, wala nyumba, wala jina. Kila ofisi aliyoingia waliinama, wakasema "Mungu amlaze pema," wakaendelea na kazi. Na kwa kuwa kwenye karatasi mfiwa wake alikuwa Sikudhani, sheria ikamkabidhi masalia yake. Kifutu akawa anamkandia udongo.

"Mama," alikuwa akisema asubuhi, "leo nianze na upi?"

"Anza na ule mgumu, baba. Na ukanyage kwa hasira, kama unahutubia."

Basi siku moja, jua la saa tatu, Pazi anaziba pancha, Kifutu anakanyaga udongo, Sikudhani akakiangalia kigoda chake. Akakizunguka. Akashuka taratibu, akakaa. Mara ya kwanza tangu vita. Akavuta udongo mapajani, na chungu kikaanza kusimama wima.

Likapita gari la kipaza sauti. "Tangazo! Tangazo! Wenye Haki na Wenye Haki Zaidi sasa ni marafiki. Wameungana dhidi ya Wenye Haki Kabisa. Serikali imepokea barua inayouliza tuko upande gani. Baraza linakaa siku tatu. Wanaume wakae tayari!"

Kutoka ng'ambo ya mto ikasikika sauti ya Lugendo. "Enyi Kandokando! Safari hii mnatafuta maiti, au mnayo ya akiba?"

Mabega ya Pazi yakaanza kutikisika. Sikudhani akainuka kigodani, mikono imejaa udongo, akamshika mwanawe kidevu, akamfumba mdomo.

"Pazi. Itika kwanza. Utacheka baadaye."